Shajara ya mradi: Wastani wa sampuli hukaribia umbo la kengele kwa kasi gani?

3 Machi: Swali na vipimo

Nadharia ya kikomo cha kati inasema kwamba vipimo n vilivyo huru vikitoka katika mgawanyo mmoja wenye wastani µ na mkengeuko sanifu σ (kipimo cha mtawanyiko) ulio na kikomo, basi wastani wa sampuli, ukiondolewa µ na kugawanywa kwa σ/√n, hukaribia mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, kadiri n inavyokua. Nadharia yenyewe haisemi n iwe ngapi. Vitabu vingi vya darasani huijaza nafasi hiyo kwa namba 30, na mradi huu umeanzishwa ili kuipima namba hiyo kwa kompyuta, mgawanyo mmoja baada ya mwingine, huku kila hatua ikiandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia. Kinachohitajika ni lugha ya Python pamoja na NumPy, maktaba yake ya hesabu, kwenye kompyuta ya kawaida. Gharama yote ni muda wa mashine na nafasi ya kumbukumbu.

Kwa kila mgawanyo nitaandika vipimo vitatu. Cha kwanza ni mkia wa kushoto, yaani sehemu ya wastani zilizosanifishwa (zilizoondolewa µ na kugawanywa kwa σ/√n) ambazo ziko chini ya −1.96; cha pili ni mkia wa kulia, yaani zilizo juu ya 1.96. Mgawanyo wa kawaida ungetoa 0.025 kila upande. Kipimo cha tatu, ambacho nitakiita D, ni pengo kubwa kabisa la wima kati ya mchoro limbikizi (unaoonyesha sehemu ya thamani zilizo chini ya kila kiwango) wa wastani hizo na ule wa mgawanyo wa kawaida. Histogramu itachorwa, lakini haitahesabiwa kuwa kipimo, kwa sababu jicho huangalia katikati ya mchoro, na katikati ndipo karibu kila mgawanyo hupendeza mapema.

Idadi ya marudio, M, ilibidi iamuliwe kabla ya lolote. Sehemu p inayokadiriwa kwa marudio M ina kosa sanifu, yaani ukubwa wa kawaida wa kuyumba kwake, la √(p(1−p)/M). Kwa p = 0.025, marudio 1,000 yana kosa la karibu 0.005, marudio 10,000 yana 0.0016, na marudio 100,000 yana 0.0005. Kwa hiyo marudio 1,000, ambayo ndiyo desturi ya mazoezi mengi, hayawezi kutofautisha kwa uhakika 0.025 na 0.034. Nimechukua 100,000, nikijua kwamba kila nikitaka kupunguza kosa hilo kwa nusu nitalipa muda mara nne.

Jaribio la kuhakiki mtambo lilikuwa hila ya zamani: jumlisha namba nasibu 12 kati ya 0 na 1, kisha toa 6. Varianzi (mraba wa mkengeuko sanifu) ya namba moja ya aina hiyo ni 1/12, hivyo jumla ya 12 ina varianzi 1 kamili, na wastani wake baada ya kutoa 6 ni 0. Histogramu yake haitofautiani kwa macho na ile ya mgawanyo wa kawaida. Mikia, hata hivyo, tayari inasema jambo jingine: sehemu iliyo juu ya 3 ni karibu 0.0010 badala ya 0.00135, yaani imepungua kwa robo, na hakuna namba inayoweza kuvuka 6 hata mashine ikiachwa iendelee milele. Mtambo unafanya kazi.

6 Machi: Dadu, na histogramu yenye meno

Dadu moja ina wastani 3.5 na varianzi 35/12, hivyo mkengeuko sanifu wake ni karibu 1.708. Kwa dadu 10, wastani una kosa sanifu la 0.540. Hakuna haja ya namba nasibu hapa, kwa kuwa mgawanyo wa jumla hupatikana kamili kwa kuzidisha na kujumlisha uwezekano wa dadu moja baada ya nyingine. Uhakiki ulifanywa kwa dadu tatu, ambapo jumla ya 10 hupatikana kwa njia 27 na jumla ya 9 kwa njia 25 kati ya 216. Ni tofauti ileile ndogo ambayo Galileo aliulizwa aieleze.

Hata hivyo nilichora pia histogramu ya marudio nasibu ili kulinganisha, na ilitoka na meno kama msumeno: mwambaa mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, kutoka pembeni hadi katikati. Kuongeza marudio hakukusaidia. Meno yalizidi kuwa makali. Chanzo kilikuwa upana wa miambaa. Wastani wa dadu 10 hupanda kwa hatua za 0.1, nayo miambaa ilikuwa na upana wa 0.25, hivyo mwambaa wa 3.00 hadi 3.25 ulibeba thamani tatu (3.0, 3.1 na 3.2) na ule uliofuata ulibeba mbili tu (3.3 na 3.4), kisha tatu tena. Dawa ni kuweka mpaka wa miambaa katikati ya thamani mbili zinazofuatana, mathalani 3.45 na 3.55, ili kila thamani ipate mwambaa wake. Anayeiga mradi huu asiiachie programu ichague miambaa yenyewe pale ambapo data inapanda kwa hatua.

Hatua hizohizo zinaharibu kipimo cha D. Kwa dadu 10, D ilitoka karibu 0.037, nayo ni kubwa kuliko nilivyotarajia kwa mgawanyo wenye ulinganifu kamili. Karibu yote ni nusu ya urefu wa ngazi moja ya katikati, kwa sababu mchoro wa ngazi unalinganishwa na mchoro laini. Ukisogeza mpaka kwa nusu hatua, D inashuka chini ya 0.004. Marekebisho haya ya nusu hatua hayastahili kuchukuliwa kama pambo. Kwa sarafu 100, uwezekano wa kupata vichwa 45 au pungufu ni 0.1841, mgawanyo wa kawaida bila marekebisho unatoa 0.1587, na ukiweka 45.5 mahali pa 45 unatoa 0.1841. Suala hili la sarafu ndilo lililozaa nadharia yenyewe, pale Abraham de Moivre alipoandika makadirio yake mwaka 1733, kabla ya Laplace kuyapanua mapema katika karne ya 19.

Uamuzi: kuanzia hapa, D itaandikwa kwa migawanyo isiyo na ngazi tu, au baada ya marekebisho.

10 Machi: Mgawanyo wa eksponenti, ambapo jumla inaficha

Mgawanyo wa eksponenti wenye wastani 1 una mkengeuko sanifu 1 na uegemeo, yaani kipimo cha kutolingana kwa pande mbili za mgawanyo, wa 2. Umelala kushoto, ukiwa na mkia mrefu upande wa kulia. Uegemeo wa wastani wa sampuli hupungua kwa kipeuo cha pili cha n, kwa hiyo kwa n = 30 unabaki 2/√30, yaani 0.365.

Matokeo ya kwanza yalielekea kuifunga kazi hii mapema. Sehemu ya wastani zilizokuwa nje ya −1.96 na 1.96 ilikuwa asilimia 4.8, karibu kabisa na asilimia 5 inayotakiwa, na mtu angeweza kuandika kwamba 30 imefaulu. Ndipo vipimo viwili vya mikia vikasomwa kimoja kimoja: kulia asilimia 3.4, kushoto asilimia 1.4. Upande mmoja una zaidi ya mara mbili ya mwingine, nayo makosa mawili yanafutana yanapojumlishwa. Hesabu kamili inathibitisha hivyo, kwa kuwa jumla ya namba za eksponenti hufuata mgawanyo wa gama na mikia yake inaweza kukokotolewa bila namba nasibu.

Kufutana huku si bahati. Kosa la kwanza linalotokana na uegemeo lina ukubwa sawa pande zote mbili na ishara zinazopingana, kwa hiyo yeyote anayepima pande mbili kwa pamoja anapima jambo ambalo uegemeo hauligusi sana. Swali la upande mmoja, kwa mfano je, wastani umevuka kiwango fulani, linapata kosa lote. Kwa n = 120 mikia inakuwa 3.0 na 2.0; kwa n = 480, 2.7 na 2.2. Ukitaka kila upande uwe ndani ya sehemu moja ya kumi ya 0.025, hesabu ya daraja la kwanza (inayochukua kosa hilo la kwanza tu) inadai n ya karibu 490.

Jaribio lililoshindwa kabisa lilikuwa kuiuliza mashine swali la ndiyo au hapana: je, wastani hizi zinafuata mgawanyo wa kawaida? Nilitumia jaribio la Kolmogorov na Smirnov, ambalo kwa kiwango cha asilimia 5 linakataa D inapozidi takriban 1.36/√M. D ya kweli kwa n = 30 ni karibu 0.024. Kwa marudio 1,000 mpaka ni 0.043, na jibu kwa kawaida ni kwamba hakuna tatizo; kwa marudio 10,000 mpaka ni 0.0136, na jibu ni kukataa. Hakuna kilichobadilika katika n wala katika mgawanyo. Kilichobadilika ni M, ambayo ni uamuzi wangu mwenyewe, na jaribio ambalo jibu lake linaamuliwa na uvumilivu wa mwenye kompyuta halipimi nadharia. Limeondolewa. D inaandikwa kama ukubwa, bila hukumu.

Kinga ya kinadharia ipo, lakini ni pana mno. Berry mwaka 1941 na Esseen mwaka 1942 walionyesha kwamba D haizidi Cρ/(σ³√n), ambapo C ni namba isiyobadilika na ρ ni wastani wa umbali kutoka µ uliopandishwa hadi kipeo cha tatu. Kwa eksponenti ρ ni 12/e − 2, yaani 2.415, na kwa C = 0.4748, thamani iliyothibitishwa kuwa inatosha, kikomo kwa n = 30 ni 0.209. D halisi ni ndogo kuliko hiyo zaidi ya mara 8. Kikomo hiki ni cha kweli kwa mgawanyo wowote wenye ρ, na ndiyo maana kinamlinda mtu dhidi ya mgawanyo mbaya kuliko ule alio nao.

13 Machi: Kumbukumbu na mbegu

Msimbo wa awali ulitengeneza jedwali lote kwa mara moja. Kwa marudio 100,000 na n = 1,000, jedwali hilo ni namba milioni 100, kila moja ikichukua baiti 8, jumla megabaiti 800; kwa marudio milioni moja ni gigabaiti 8, na programu ilizimwa na mfumo kabla ya kumaliza. Sasa safu zinatengenezwa kwa mafungu ya 1,000, wastani zake zinahifadhiwa, na fungu linafutwa. Muda haukuongezeka kwa kiasi kinachoonekana.

Ili kufupisha muda, kazi iligawiwa kwa michakato minne sambamba. Hapa palikuwa na hitilafu ambayo haikutoa onyo lolote. Kila mchakato ulinakili kizalishi cha namba nasibu pamoja na hali yake, hivyo yote minne ilitoa mfululizo uleule, na marudio 400,000 yaliyoandikwa yalikuwa marudio 100,000 yaliyorudiwa mara nne. Wastani zote zilikuwa sahihi. Kilichokuwa cha uongo ni kosa sanifu, lililoonekana nusu ya ukubwa wake halisi. Njia ya kulinasa ni kuhesabu thamani zisizojirudia: kwa mgawanyo usio na ngazi, zinapaswa kuwa karibu sawa na M, nazo zilikuwa robo. Dawa ni kutumia SeedSequence ya NumPy na kuiomba izae mbegu (namba ya kuanzishia kizalishi) tofauti kwa kila mchakato. Hesabu ya thamani zisizojirudia imebaki ndani ya msimbo kama kizuizi: ikishindwa, programu inasimama.

17 Machi: Tukio adimu

Chukua tukio lenye uwezekano wa 0.01, liandikwe 1 likitokea na 0 lisipotokea. Uegemeo wake ni 9.8. Kwa n = 30, uwezekano kwamba sampuli nzima ni sufuri ni 0.99 kwa kipeo cha 30, yaani 0.74. Kwa maneno mengine, karibu robo tatu ya wastani zote ni namba moja, 0, na hakuna kengele ya aina yoyote.

Vipimo vya mikia, hata hivyo, vilitoa kulia asilimia 3.6 na kushoto 0. Jumla ya 3.6 inaweza hata kusifiwa kuwa ya tahadhari. Mpaka wa kushoto uko chini ya sufuri, mahali ambapo wastani hauwezi kufika, na kwa hiyo mkia wa kushoto haukupimwa; haukuwapo. Nimeongeza kanuni katika msimbo: ikiwa µ − 1.96σ/√n iko nje ya thamani zinazowezekana, safu hiyo haiandikiwi asilimia, inaandikiwa alama ya kukataliwa.

Kwa n = 1,000 mambo yanaanza kufanana na nadharia, kwa kuwa matarajio ni matukio 10 na kupata sufuri kabisa kuna uwezekano wa 0.00004 tu. Hata hapo mikia ni karibu asilimia 2.6 kulia na 1.0 kushoto. Kinachohesabika hapa ni idadi ya matukio yenyewe. Ukubwa wa n peke yake hauelezi lolote.

22 Machi: Migawanyo isiyotii

Sharti la σ kuwa na kikomo huonekana kama tahadhari ya wanahisabati hadi mtu aikose. Mgawanyo wa Cauchy hutengenezwa kwa mstari mmoja wa msimbo, tan(π(U − 1/2)), ambapo U ni namba nasibu kati ya 0 na 1. Hauna wastani wala varianzi. Wastani wa vipimo n vya Cauchy una mgawanyo uleule wa kipimo kimoja: uwezekano wa kuwa mbali na sufuri kwa zaidi ya 10 ni 0.0635 kwa n = 1, na ni 0.0635 kwa n = 1,000. Poisson aliutaja mfano huu mwaka 1824, karibu miaka 30 kabla ya jina la Cauchy kuhusishwa nao.

Ugumu wa kiutendaji ulikuwa kwamba mtambo wangu uliendelea kutoa majibu. Kwa kuwa hakuna σ ya kusanifishia, msimbo ulichukua mkengeuko wa data yenyewe, ambao huwa na thamani kila wakati, ukagawanya, na kutoa mikia midogo yenye sura ya utulivu. Marudio mengine yalitoa namba tofauti kabisa. Kwa migawanyo ya aina hii, upana sasa unapimwa kwa umbali kati ya robo ya chini na robo ya juu ya wastani zilizopatikana, ambao kwa Cauchy ni 2 daima, n iwe yoyote.

Mgawanyo wa Pareto wenye α = 1.5 (α ikiwa ndogo, mkia huwa mnene) unafundisha zaidi, kwa sababu uko katikati ya njia: una wastani, ambao ni 3, lakini varianzi yake haina kikomo. Sheria ya namba kubwa inafanya kazi, hivyo wastani wa sampuli unaelekea 3, ila nadharia ya kikomo cha kati haihusiki. Upana wa makosa hupungua kwa kipeo cha −1/3 cha n badala ya −1/2. Ili kuupunguza kwa nusu unahitaji data mara 8, wala si mara 4, na umbo linalofikiwa limeegemea daima; wastani mwingi wa sampuli unakaa chini ya 3, huku michache ikiruka mbali juu yake.

Kwa α = 2.5 varianzi ipo, 2.22, na nadharia inatumika kikamilifu. Hata hivyo ρ, wastani wa kipeo cha tatu, hauna kikomo, hivyo kikomo cha Berry na Esseen hakipo, na uegemeo unaokokotolewa kutoka kwenye data hupanda kadiri data inavyoongezwa. Anayetaka kujua kama n yake inatosha kwa kuangalia uegemeo wa sampuli atadanganywa hapa.

Jambo dogo kwa anayenakili msimbo: Pareto hupatikana kwa kupandisha U hadi kipeo cha −1/α, na kizalishi cha NumPy kinaweza kutoa 0 kamili lakini hakitoi 1. Tumia 1 − U.

28 Machi: Pale σ isipojulikana

Hadi hapa σ ilijulikana, jambo ambalo karibu halitokei nje ya majaribio. Katika kazi halisi tunaweka s, mkengeuko wa sampuli yenyewe, na kutumia jedwali la t lililotokana na kazi ya William Gosset ya mwaka 1908, iliyotoka kwa jina la Student. Jedwali hilo ni sahihi data inapotoka katika mgawanyo wa kawaida. Nilirudia eksponenti na n = 30 nikitarajia mikia ya tarehe 10 iongezeke kidogo.

Iligeuka. Mkia mnene ulihamia kushoto, ukazidi ule wa kulia mara nyingi, na jumla ikavuka asilimia 6. Mara ya kwanza ishara ya kinyume hushukiwa katika msimbo, na muda mwingi ulipotea humo. Msimbo ulikuwa sahihi. Sababu ni kwamba katika mgawanyo ulioegemea, wastani wa sampuli na s haviko huru. Sampuli iliyokosa thamani kubwa adimu ina wastani mdogo na pia s ndogo, hivyo umbali wake kutoka µ unagawanywa kwa namba ndogo na kuonekana mkubwa. Sampuli iliyozipata thamani hizo ina wastani mkubwa, lakini s yake nayo imevimba na kuupunguza umbali huo. Athari yake kwa mtumiaji ni mahususi: wigo wa uhakika (eneo linalodaiwa kuushika wastani wa kweli) unaokosea huwa karibu kila mara uko chini ya wastani wa kweli, na sampuli iliyotoa wigo mwembamba kupita kiasi ndiyo inayoelekea zaidi kuukosa.

Gharama ya kutojua σ inaweza kuhesabiwa. Kosa la daraja la kwanza sasa lina kigezo 2z² + 1 mahali ambapo awali palikuwa na z² − 1, na kwa z = 1.96 ni 8.68 dhidi ya 2.84. Kwa hiyo lengo lilelile la kila upande kuwa ndani ya sehemu moja ya kumi ya 0.025, ambalo lilidai n ya 490, sasa linadai n zaidi ya 4,500. Namba 30 haiko hata katika mtaa huo.

Dawa mbili zilijaribiwa. Ya kwanza, kubadili data kuwa logi, ilinyoosha umbo lakini ikajibu swali lingine: wastani wa logi ukirudishwa hutoa wastani wa kijiometri, ambao kwa eksponenti hii ni 0.56 na si 1. Kwa mtu anayetaka jumla au bajeti, jibu hilo halina kazi. Ya pili ilikuwa kuchukua sampuli upya kutoka ndani ya sampuli, mbinu aliyoianzisha Bradley Efron mwaka 1979, kwa namna inayokokotoa t upya katika kila sampuli ya ndani. Sampuli 1,000 za ndani kwa kila rudio zingedai namba nasibu bilioni 3 kwa M ya 100,000, hivyo M ilishushwa hadi 10,000 kwa hatua hii tu. Jumla ilirudi karibu na asilimia 5 na mikia ikakaribiana, kwa bei ya wigo mpana zaidi upande wa kulia, ambako ndiko ulikopaswa kuwa mpana tangu mwanzo.

4 Aprili: Vipimo visivyo huru

Hatua ya mwisho iliyopangwa ni kuvunja sharti la uhuru. Kila kipimo kilitengenezwa kama sehemu φ ya kilichotangulia pamoja na mshtuko mpya wa kawaida, hivyo hapakuwa na uegemeo wowote wa kulaumiwa. Umbo la wastani ni la kawaida kabisa kwa n yoyote, na D, ikisanifishwa kwa varianzi ya kweli, ni sufuri. Kosa lote liko katika σ/√n.

Varianzi ya wastani huongezeka kwa kigezo cha (1 + φ)/(1 − φ). Kwa φ = 0.5 kigezo ni 3, na wigo unaodaiwa kuwa wa asilimia 95 unashika wastani wa kweli kwa asilimia 74. Kwa φ = 0.9 kigezo ni 19, na unashika asilimia 35. Hakuna mgawanyo ulioegemea katika shajara hii, miongoni mwa ile yenye σ inayojulikana, uliofanya uharibifu wa kiwango hiki, nayo histogramu haionyeshi chochote.

Marekebisho yalifanywa kwa mafungu: data 10,000 zenye φ = 0.9 zinagawanywa kwa mafungu yanayofuatana, wastani wa kila fungu unachukuliwa kama kipimo kimoja, na kosa sanifu linakokotolewa kutoka kwao. Mafungu 500 ya vipimo 20 hayakutosha, kwa kuwa kumbukumbu ya mfululizo huu bado inavuka mpaka wa fungu. Wigo ulishika asilimia 87 tu. Mafungu 50 ya vipimo 200 yalishika zaidi ya 94. Kwa mafungu 5 ya vipimo 2,000 kiwango kilikuwa sahihi, lakini thamani ya t kwa mafungu matano ni 2.776, na wigo ukawa mpana kwa karibu theluthi moja. Msimbo sasa unatumia mafungu 50, na unachapisha uhusiano kati ya wastani wa mafungu yanayofuatana. Ukionekana kuwa mbali na sufuri, urefu wa fungu huongezwa maradufu na hesabu kurudiwa.